Kampuni za Nyumba za Kupanga Nchini Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikiwa mwenye akiba anayetafuta pa kuiweka, familia iliyoachiwa jengo na mzee, na chama kilichonunua ploti na sasa wanachama wanabishana cha kujenga. Sheria na viwango ni vya Kenya. Ili tusichanganyikiwe, hapa "kodi" ni ile anayolipa mpangaji. Ile ya serikali tutaiita ushuru.

Kampuni ya nyumba za kupanga ni kampuni ya aina gani?

Ukisimama mbele ya gorofa yoyote ya Pipeline, Roysambu au Bamburi utaona bango lenye jina la kampuni na nambari ya simu. Bango hilo halikwambii jengo ni la nani. Huenda kampuni hiyo ndiyo mmiliki: hati iko kwa jina lake, faida na hasara ni zake. Huenda ni msimamizi tu, yaani ajenti, ambaye mwenye nyumba amempa kazi ya kutafuta wapangaji, kukusanya kodi na kumwita fundi wa bomba, naye anakata asilimia yake. Na huenda ni kampuni ya tatu kabisa, inayojenga na kuuza, ambayo ikishauza nyumba ya mwisho haina tena haja na mpangaji wala na paa.

Watu wengi huweka pesa kwenye kampuni ya aina ya tatu wakidhani wameingia ya kwanza. Mmiliki hula kodi, pole pole, miaka nenda miaka rudi. Ajenti hula sehemu ya kilichokusanywa. Mjenzi hula bei. Kwa hivyo kabla hujauliza faida ni asilimia ngapi, uliza pesa zenyewe zitatoka mfukoni mwa nani: mpangaji, mnunuzi, au mwekezaji mwenzako aliyeingia baada yako. Jibu likiwa ni huyo wa mwisho, chukua mkoba wako uondoke.

Haya si mambo ya kuletewa na wageni?

Hata kidogo. Pwani yetu nyumba na maduka yamekuwa yakiwekwa wakfu tangu zamani: mwenye mali huiondoa mikononi mwake, kodi ikaendesha msikiti au madrasa au ikawalisha wajukuu, na msimamizi akawa na wajibu wa kutoa hesabu. Mombasa pia upo mtindo wa nyumba bila ardhi, ambapo nyumba ni yako na unaipangisha chumba kwa chumba, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na unamlipa. Jirani zetu Tanzania waliona serikali yenyewe ikigeuka mwenye nyumba: mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa lililokuwapo tangu 1962.

Mbona mapato ya mkononi hayafanani kamwe na yale ya kwenye karatasi?

Kwa sababu karatasi huhesabu milango, na mkono huhesabu milango iliyolipa. Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa kawaida. Kampuni ina jengo la bedsita 20, yaani nyumba za chumba kimoja, kila moja shilingi 8,000 kwa mwezi. Jengo na kiwanja vimegharimu shilingi milioni 14.

Anayekuuzia wazo atakwambia: 8,000 mara 20 ni 160,000 kwa mwezi, ni 1,920,000 kwa mwaka, karibu asilimia 14 ya pesa yako. Ukweli wa mwezi wa kawaida uko hivi. Bedsita mbili ziko wazi, moja inapakwa rangi na nyingine mpangaji alihama usiku. Zimebaki 18, kwa hivyo zimeingia 144,000. Ushuru wa kodi za nyumba wa asilimia 7.5 ni 10,800. Ajenti, tuseme anatoza asilimia 8, anachukua 11,520. Keateka, yaani mtunza jengo, 15,000. Maji, taka, umeme wa ngazi na wa pampu 14,000. Ukarabati 10,000, na huo ni mwezi ambao tangi halikupasuka. Ada za ardhi za kaunti ukizigawa kwa miezi, 3,000. Jumla ya matumizi ni 64,320. Kilichobaki ni 79,680, yaani 956,160 kwa mwaka. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 7.

Asilimia 7 si mbaya, lakini si 14. Na hapo hatujagusa mkopo. Ikiwa nusu ya zile milioni 14 ni za benki kwa riba ya asilimia 14, riba pekee ya mwaka wa kwanza inakaribia 980,000. Jengo limejaa watu, keateka yuko kazini, risiti zinatoka kila siku, na mwenye jengo anatoa pesa mfukoni kumalizia benki. Majengo mengi yanayouzwa kwa mnada hayakukosa wapangaji. Yalikosa nafasi kati ya kodi na riba.

Ukitaka kujua kama kampuni inaendeshwa na watu wanaojua kazi, usiombe picha za jengo. Omba orodha ya wapangaji ya miezi 12 iliyopita: nani alilipa, tarehe ngapi, nani ana deni, nyumba ipi ilikaa wazi na kwa muda gani. Kampuni nzuri inayo na itakutumia siku hiyo hiyo. Nyingine itakwambia mhasibu amesafiri.

Lakini thamani ya jengo si inapanda?

Ya kiwanja, mara nyingi. Ya jengo lenyewe hushuka: mabomba yanaziba, lifti inachoka, na jengo jipya linajengwa mkabala likiwa na kisima, intaneti na maegesho. Na thamani iliyopanda hailipi fundi mpaka uuze.

Ni heri kumiliki kwa jina langu au kwa kampuni?

Inategemea mambo matatu: mkopo, ukubwa, na watu mnaomiliki pamoja.

Tuanze na ushuru. Mkaazi wa Kenya, awe mtu au kampuni, anayepata kodi ya nyumba za kuishi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hulipa ushuru wa kila mwezi wa asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea. Kiwango hiki kilianza Januari 2024. Kabla ya hapo kilikuwa asilimia 10. Ushuru huu hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukishaulipa umemalizana na KRA, mamlaka ya ushuru, kwa pesa hizo. Ubaya wake ni kwamba huruhusiwi kutoa gharama yoyote. Riba ya benki, mshahara wa keateka, paa jipya, vyote havihesabiwi.

Njia nyingine ni kuiandikia KRA kwamba hutaki mfumo huo, ukaleta hesabu za mwaka na kutozwa juu ya faida. Kampuni hutozwa asilimia 30. Rudi kwenye bedsita zetu 20. Bila mkopo, faida kabla ya ushuru ni 90,480 kwa mwezi, na asilimia 30 yake ni 27,144. Ushuru wa kila mwezi ni 10,800 tu. Hapo usijisumbue, baki na ule wa mwezi. Ila ukiwa na mkopo ule wa riba ya 980,000, faida ya mwaka mzima inabaki 105,760, na asilimia 30 yake ni 31,728, ilhali kwa mfumo wa kila mwezi ungelipa 129,600. Wenye mikopo mikubwa wengi hawajawahi kupiga hesabu hii. Wanalipa tu kile ambacho jirani analipa.

Ukubwa nao una mlango wake. Kodi ikipita milioni 15 kwa mwaka, mfumo wa kila mwezi haukuhusu tena. Maduka na ofisi havimo kabisa, na juu yake kuna VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, wa asilimia 16 kwa aliyesajiliwa. Nyumba za kuishi hazitozwi VAT. Kumbuka pia kwamba pesa ya kampuni si pesa yako. Ili uile inabidi kampuni itangaze gawio, na mwanahisa mkaazi hukatwa asilimia 5.

Mzee ametuachia gorofa. Tuigawe au tuifanye kampuni?

Gorofa haigawanyiki vizuri. Mmoja atataka vyumba vya mbele vinavyotazama barabara, mwingine atabaki na vya nyuma vinavyonusa taka, na paa likivuja litakuwa la nani? Hisa hugawanyika hadi senti ya mwisho.

Tuseme ni familia ya Kiislamu, na marehemu ameacha mjane, wana wawili na binti mmoja. Mjane ana thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki hugawanywa mwana akichukua sehemu mbili za binti. Mkiunda kampuni ya hisa 200, mjane anapata 25, kila mwana 70, binti 35. Jumla 200 kamili, hakuna aliyepimiwa ukuta. Kodi ikiingia, gawio linafuata hisa, na mama hana haja ya kumpigia mwanawe simu kila tarehe 5 kuuliza pesa zake.

Mambo mawili huharibu mpango huu. Kwanza, familia husajili kampuni kabla mirathi haijapita mahakamani, iwe kwa Kadhi au Mahakama Kuu, halafu ndugu mmoja aliyekuwa mbali anarudi na hati zake. Anzeni na mirathi. Pili, husajili kampuni na kusahau kuandika nani anaruhusiwa kuuza hisa zake na kwa nani. Shemeji akinunua hisa 70 kutoka kwa kaka mwenye madeni, mna mwenzenu mpya mezani. Katiba ya kampuni iseme wazi: hisa ziuzwe kwanza kwa wanafamilia, kwa bei itakayowekwa na mthamini aliyesajiliwa.

Kuhamisha jengo kutoka jina la mtu kwenda kampuni huweza kuleta ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, na ushuru wa faida ya mtaji, asilimia 15 tangu 2023. Ipo misamaha kwa familia, na masharti yake ni ya kusomwa na wakili kabla hamjatia sahihi. Ada yake ni ndogo kuliko makosa yenu.

REIT ni nini, kwa Kiswahili cha kawaida?

Ni mfuko unaomiliki majumba kwa niaba ya watu wengi. Badala ya kununua gorofa nzima unanunua vipande vya mfuko, na mfuko unakupa sehemu yako ya kodi. Kenya iliweka kanuni zake mwaka 2013, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Iko I-REIT, inayomiliki majengo yaliyokwisha na yenye wapangaji, na D-REIT, inayojenga. Ya kwanza inatakiwa kuwagawia wawekezaji angalau asilimia 80 ya mapato halisi, na ukopaji wake umewekewa kikomo. Ya pili ni ya wenye kifua: kiwango cha chini cha kuingia ni shilingi milioni 5.

Kinachofaa kueleweka ni nani anashika nini. Hati za majengo hazikai kwa meneja. Hukaa kwa mdhamini, ambaye kwa kawaida ni benki au kampuni ya udhamini iliyoidhinishwa. Meneja huamua jengo lipi linunuliwe, na chini yake kuna msimamizi wa majengo, ambaye ndiye anayejua lifti ya ghorofa ya tatu imekufa. Meneja akikimbia, majengo hayakimbii naye. Huo ndio ubora mkubwa wa mfumo huu ukilinganishwa na kampuni ya kirafiki iliyosajiliwa na mtu mliyesoma naye. Mfuko uliosajiliwa na KRA pia hautozwi ule ushuru wa asilimia 30.

Ikiwa mfumo ni mzuri hivyo, Fahari ilipatwa na nini?

Swali hili huja kila mara, na ni la haki, kwa sababu Fahari ndiyo I-REIT iliyowafanya watu wa kawaida wajue neno REIT.

Iliingia Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande. Ilikuwa ikitafuta hadi shilingi bilioni 12.5, ikapata kama bilioni 3.6. Pengo hilo peke yake lilitosha kuipindisha. Mfuko uliopangwa uwe na majengo mengi ukabaki na machache, huku gharama za mdhamini, meneja, wakaguzi na soko zikiwa ni za mfuko mkubwa. Jengo kubwa kuliko yote lilikuwa Greenspan Mall, kule Donholm, kwa hivyo afya ya mfuko mzima ikategemea eneo moja la maduka la Nairobi. Na hiyo ndiyo miaka ambayo supamaketi za Nakumatt zilianguka, kisha za Tuskys, na majengo ya maduka nchini yakabaki na kumbi tupu za ukubwa wa kiwanja cha mpira. Ukumbi kama huo haupati mpangaji mpya kwa wiki mbili.

Mfuko wenyewe haukufa. Majengo yalikuwapo, kodi ilikusanywa, mgao ulitolewa, ingawa mdogo. Kilichoanguka ni bei sokoni. Kufikia 2023 kipande kilikuwa kikiuzwa kwa karibu shilingi 6. Mwaka huo wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kununuliwa vipande vyao kwa shilingi 11, na Februari 2024 mfuko ukaondoka kwenye soko kuu na kuhamia jukwaa la hisa zisizoorodheshwa, ambako wawekezaji wakubwa hufanya biashara zao.

Aliyenunua kwa 20 mwaka 2015 na kutoka kwa 11 alipoteza, hata ukimrudishia mgao wa miaka ile. Nionavyo mimi, tatizo halikuwa wizi wala wazo lenyewe. Watu waliuziwa jengo, wakapewa karatasi ya soko. Na bei ya karatasi huamuliwa na idadi ya wanaotaka kuinunua asubuhi hiyo. Jengo lenye thamani ya shilingi 20 linaweza kuwa na karatasi ya shilingi 6, na mwenye karatasi hana njia ya kuubandua ukuta wake akaondoka nao.

Kuna zilizofanya vizuri zaidi?

Zipo zilizojifunza. Kampuni ya Acorn ilianzisha mifuko miwili mwaka 2021 kwa ajili ya mabweni ya wanafunzi, yale ya majina ya Qwetu na Qejani. Mfuko mmoja hujenga. Bweni likijaa wanafunzi na kodi ikitulia, huuzwa kwa mfuko wa pili unaokula kodi. Anayependa hatari ya ujenzi anakaa upande mmoja, anayetaka kodi ya kila muhula upande mwingine. Na chuo kikuu hakifungi virago kikahama kama supamaketi. Udhaifu wake uko wazi pia: wanafunzi wakirudishwa nyumbani, kama walivyorudishwa 2020, vitanda vyote huwa vitupu kwa siku moja.

LAPTrust Imara iliorodheshwa Machi 2023. Hii ilitokana na mfuko wa pensheni uliochukua majengo yake, yakiwemo Pension Towers na CPF House ya Nairobi, ukayaweka kwenye REIT. Hapo hapakuwa na haja ya kuzunguka kutafuta pesa za wananchi.

Nitamjuaje ajenti mzuri wa kusimamia jengo?

Kwanza awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Majumba. Sheria inadai hivyo, na wengi wanaofanya kazi hiyo hawajasajiliwa. Mengine yote yamo kwenye mkataba, na mkataba wa ukurasa mmoja huwa umeandikwa na ajenti kwa faida ya ajenti.

Pesa ziingie wapi? Nambari ya Paybill na akaunti ya benki ziwe kwa jina lako au la kampuni yako, ajenti apewe ruhusa ya kuona miamala tu na ada yake alipwe na wewe. Akikataa na kusema kodi lazima zipitie kwake, zipitie akaunti ya pekee ya wateja, isiyochanganyika na pesa zake za mafuta ya gari, na zikufikie kabla ya tarehe mliyoandika. Dipoziti za wapangaji zikae wapi? Hapa ndipo wenye nyumba huumia. Ajenti anakusanya dipoziti za bedsita 20, ni 160,000, anazitumia, mkataba unavunjika miaka mitatu baadaye, na mpangaji anayehama anakudai wewe.

Ukarabati uwekewe kikomo. Chini ya, tuseme, shilingi 5,000 ajenti atengeneze na kuleta risiti. Juu ya hapo akupigie. Bila kikomo utashangaa jinsi koki za jengo lako zinavyoharibika kila mwezi. Na ada yake ihesabiwe kwa kodi iliyokusanywa, kamwe si kwa kodi iliyotarajiwa.

Jambo moja ambalo halimo kwenye mikataba: mzungumzishe keateka peke yake. Yeye ndiye anajua mpangaji gani anapika chang'aa na nyumba ipi ina watu wanane. Ajenti anayemlipa keateka kwa kuchelewa hawezi kukulipa wewe mapema.

Mpangaji asipolipa, naruhusiwa kumfungia mlango?

Hapana. Wala kung'oa mlango, wala kuezua mabati, wala kukata maji mpaka atoke. Hufanyika kila siku, na bado ni kinyume cha sheria. Mpangaji akimpata wakili mkali, kampuni italipa fidia kubwa kuliko deni. Njia zilizopo ni notisi, kisha mahakama au baraza husika, na kwa deni la kodi kuna sheria inayoruhusu kukamata mali kupitia dalali wa mahakama mwenye leseni.

Kwa nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kuna baraza maalumu. Kiwango hicho ni cha zamani mno, na mjini kimebaki kwa vyumba vichache vya mabati. Kwa maduka na hoteli mambo ni mazito zaidi: mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, mara nyingi analindwa na sheria, na huwezi kumpandishia kodi au kumtoa bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, ambayo anaweza kuipinga mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Ndiyo maana kampuni kubwa hupangisha maduka kwa miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu haikuwekwa kwa bahati.

Na ugomvi wa rangi?

Mpangaji akihama, anaambiwa dipoziti yake imeishia kwenye rangi. Piga picha kila chumba siku anapoingia, na siku anapotoka, mbele yake. Uandike kwenye mkataba kama rangi ni juu yake au la. Mabishano yote niliyowahi kuyasikiliza kuhusu rangi yalikosa picha.

Niko ughaibuni. Naweza kuingia?

Unaweza, ila jua unahesabiwaje. Kwa ushuru, asiye mkaazi hapati ule mfumo wa asilimia 7.5, kodi anayolipwa kwa jengo lililoko Kenya hukatwa asilimia 30. Swali la ukaazi linategemea zaidi makao yako na siku unazokaa nchini kuliko pasipoti, kwa hivyo mwenye nyumba Mombasa anayefanya kazi Doha alipeleke kwa mtu wa ushuru mapema. Kwa ardhi ni pasipoti inayohesabika: asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya kwa mkataba wa miaka 99, na kampuni huhesabiwa ni ya raia pale tu hisa zake zote ziko mikononi mwa raia. Ukimpa mwenzako Mmarekani hisa moja tu, kampuni yote imebadilika hadhi. Watu walioukana uraia wa Kenya zamani na hawajaurudisha hujikuta humo bila kujua.

Juu ya kumwachia kaka yako usimamizi: mwandikie mkataba na umlipe ada, kama vile ungemlipa mtu baki. Kaka asiyelipwa atajilipa.

Je, pesa hizi ni halali kwa Mwislamu?

Kodi ya nyumba yenyewe haina tatizo. Maswali hutokea kwenye mkopo wa riba uliojenga jengo na kwenye biashara ya wapangaji, mathalani baa au duka la kamari. Kanuni za 2013 zinaruhusu REIT ya Kiislamu. Kwa mfuko wowote, soma orodha ya wapangaji wakubwa na madeni ya mfuko, kisha umpelekee mwanachuoni unayemwamini.

Kampuni inaniahidi asilimia 20 kwa mwaka, imehakikishwa. Niingie?

Rudi kwenye bedsita zetu. Zikijaa zote 20, kila mwezi, bila shilingi moja ya ukarabati na bila ushuru, hazifiki 14. Sasa muulize huyo anayekuahidi 20 ni mpangaji gani anayezilipa. Tazama pia kama jina lake limo kwenye orodha ya walioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Cheti cha usajili wa kampuni si idhini ya kukusanya pesa za watu.

Chama chetu kina wanachama 15. Tujenge au tununue vipande vya mfuko?

Mkiwa na mtu mmoja kati yenu anayejua ujenzi na yuko tayari kulipwa kwa kazi hiyo, jengeni, lakini bila kukopa zaidi ya theluthi. Msipokuwa naye, msijenge. Mwambieni mweka hazina apige hesabu ya mwaka mzima kama tulivyofanya hapo juu, akiweka nyumba mbili wazi katika kila 20. Faida isipozidi ile ya hati za serikali za miaka mirefu, hamna sababu ya kusumbuana na mafundi.

Nikitaka kutoka, nitatokaje?

Uliza hili kabla ya kuingia. Kwenye REIT iliyoko sokoni unauza kwa bei ya siku, ukimpata mnunuzi. Kwenye jukwaa la zisizoorodheshwa unasubiri zaidi. Kwenye kampuni ya kibinafsi unafuata katiba yake: wapewe nafasi wanahisa wenzako kwanza, mthamini aweke bei, walipe kwa awamu ya miezi mliyokubaliana. Katiba isiposema lolote kuhusu kutoka, isahihisheni sasa mnapoelewana, kwa azimio maalumu la asilimia 75 ya kura, na mlipeleke kwa msajili wa kampuni kupitia eCitizen.